Kitunguu pori si cha kutia kwenye mchuzi

Korosho zinapoanza kudondoka na majani ya porini yamekauka yote, angalia bua moja lililosimama peke yake, mita moja hadi mbili, halina jani hata moja, limejaa vijiua vyeupe vyenye ukijani, kila petali na mstari wake wa rangi iliyokoza katikati. Ndicho kitunguu pori, kitaalamu Drimia altissima. Majani huja baadaye, mvua zikikaribia: mapana, marefu kama mkono, yanachipua kabla ya nyasi. Hapo ndipo mbuzi wenye njaa huyavamia, na hapo ndipo wanapokufa.

Kinapenda miombo iliyo wazi, vichaka vya pwani na nyufa za mawe, kwa hiyo miguuni mwa vilima vya Masasi, mkoani Mtwara, ni pa kuangalia. Udongo uwe wa kichanga, usiotuamisha maji. Panapotuama maji kinaoza. Moto wa kiangazi haukiui, kwa kuwa chakula chake kimefichwa ndani ya magamba mazito ya tunguu, ambalo hufika upana wa sentimita 15 na zaidi, shingo ikichungulia juu ya ardhi.

Kwa sura ni kitunguu kitupu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kata gamba moja, umevaa glavu: hakuna ile harufu ya kutoa machozi, unatoka ute unaovutika kama mlenda, na ukigusa ngozi unawasha. Anayechimba ming'oko, vile viazi vya porini, afuate mtambaa wake hadi chini. Tunguu la magamba alirudishie udongo.

Sumu yake hushika moyo. Mtu anatapika, anaharisha, mapigo yanakwenda polepole na kupotea mpangilio. Kuchemsha usikutegemee hata kidogo. Mgonjwa asitapishwe kwa nguvu, akimbizwe hospitali pamoja na kipande cha alichokula, maana daktari akikiona hapotezi muda kubahatisha.

Kikiwa karibu na nyumba yenye watoto, kihamishe kabla ya mvua. Chimba sentimita 30 kutoka kwenye shingo ili jembe lisikijeruhi, kiache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha ukipande tena, theluthi ya juu ibaki nje. Usikimwagilie kiangazi. Wengi wanakiua kwa huruma ya ndoo moja kila jioni, wakati chenyewe kimelala.