Ng'ombe wa pembe tatu

Juzi jioni binti yangu alishika sambusa, akaigeuzageuza kabla ya kuila. "Baba, hii si ina pande tatu? Mbona hatusemi pandetatu?" Mama yake akacheka, akarudi jikoni. Mimi nikarudi Mpwapwa, darasa la tatu.

Nyumbani tuliongea Kigogo. Kiswahili kilikuwa cha shule, na pembe nilizozijua zilikuwa za ng'ombe wa babu. Mwalimu wa hesabu akasema, "Choreni pembetatu." Wenzangu wakashika rula. Mimi nikaanza na pua.

Nilimchora yule dume mweusi mwenye baka jeupe usoni. Masikio yakakaa vizuri. Pembe ya kulia, pembe ya kushoto, hapo nikasita, maana ya tatu sikujua huota wapi. Nikaipachika katikati ya paji, nikaikoleza kwa penseli mpaka karatasi ikatoboka. Nilipoinua kichwa, mwalimu alikuwa nyuma yangu, ananukia chaki na ugoro. Akalitazama daftari muda mrefu.

"Huyu analalaje?"

"Kwa ubavu, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Hakunichapa. Alikwenda ubaoni, akachora mistari mitatu, akawa anagonga kila ncha kwa chaki: "Pembe. Pembe. Pembe." Nikauliza, sasa kwa nini pembe, na hakuna ng'ombe?

"Kaa chini."

Nilikuwa nimekaa tayari.

Yakaja ya sekondari, ya chuo, ya kuhamia Dodoma mjini. Huko njiani nikajua kwamba Waingereza nao hawakuhesabu pande: triangle imetoka Kilatini, tatu na angulus, yaani pembe. Mraba ndiyo yenye siri. Ni Kiarabu, na nne imejificha ndani yake, mzizi mmoja na robo na arobaini. Lakini kilichonikamata hasa ni kona, hii tuliyoikopa kwa Kiingereza. Ukiifuata nyuma unaangukia cornu ya Kilatini, pembe ya mnyama. Dume la babu lilikuwa limenitangulia Roma! Nilitamani kumpelekea mwalimu habari hizo, lakini alishafariki.

Nikamweleza binti yote haya, kwa kirefu mno nadhani. Akang'ata ncha moja ya sambusa iliyokwisha kupoa.

"Kwa hiyo sasa zimebaki pembe mbili?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikaichukua, nikahesabu kwa kidole. Zilikuwa nne.