Dawa za kichocho tunakunywa, mtoni tunarudi

Huku kwetu Pemba wakija wa dawa za kichocho watu wanajipanga, wanapimwa urefu kwa ule mti wa kupimia dozi, wanahesabiwa vidonge wanakunywa, alhamdulillah, maana tokea 2012 kampeni imetiliwa mkazo sana Unguja na Pemba. Lakini wallahi kinachoniuma ni kua watoto wale wale kesho yake wamo mtoni wanakoga na humo humo wanakojoa!

Jamani ile dawa inaua minyoo iliyomo mwilini tu, haimkingi mtu na maambukizo mengine. Mwenye kichocho akikojoa majini mayai yanatoka na mkojo, yanaangua, vile vidudu vinaingia kwenye konokono wa mtoni vinazaana humo mpaka maelfu, vikitoka vinatafuta ngozi, hata ya mama aliesimama anasuuza nguo zake, na wala hahisi kitu. Baadae ndo mkojo wa damu, kibofu kinaharibika, na kwa wanawake vinatoka vidonda sehemu za siri, mwengine anahangaika miaka anadhaniwa ana maradhi ya zinaa. Hili la wanawake halisemwi kabisa na lazima lisemwe.

Sasa msinambie watu hawapendi usafi. Mama anabeba karai alfajiri kwa sababu anataka wanawe wawe safi, na mfereji (bomba) siku nyengine hautoi hata tone, kumkataza mto bila kumpa pa kufulia ni kumuonea. Na mkulima wa mpunga bondeni atayakwepa vipi maji? Hawezi, ndo mana mie nasema zito ni kutokojoa majini, hilo kila mtu analiweza leo bila kusubiri mradi. Na chuoni (madrasa) tumesomeshwa kua Mtume (s.a.w) amekataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akaja kuyakogea, basi maustadhi wetu naomba mulikumbushe hili kwa watoto mukiutaja na mto wenyewe kwa jina.

Kama hamna maji mengine, ya mtoni yachote yasiwe na konokono, yalaze siku 2 kwenye pipa lililofunikwa ndo ukogee na kufulia, vile vidudu vinakua vishakufa (ya kunywa bado uyachemshe). Na masheha, viongozi wetu wa mitaa, vijana wapo na majembe yapo, tuchimbeni choo karibu na kiwanja cha mpira na chengine kule mabondeni ila mbali na maji, mtoto akibanwa awe na pa kwenda.