Utando wa buibui wa kutengeneza kwa mkono kwa ajili ya Halloween

Anayetaka kutengeneza utando wa bandia unaofanana na wa kweli atenge kwanza jioni chache za Septemba amtazame buibui mwenyewe akiwa kazini, kwa sababu kinachoufanya utando uaminike si weupe wake wala ukubwa wake, bali mpangilio wa nyuzi ambao macho ya watu yameuzoea bila wao kujua. Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle katika jimbo la Washington, na huku hatuna shida ya mfano wa kuigiza. Buibui wa bustani, ambaye jina lake la kitaalamu ni Araneus diadematus na asili yake ni Ulaya, hukomaa mwishoni mwa majira ya joto, na ifikapo Oktoba utando wake unaonekana barazani, kwenye ua na hata kwenye vioo vya pembeni vya magari. Halloween, sikukuu ya kutishana kwa mchezo na kupamba nyumba kwa vitu vya kuogofya, ni tarehe 31 Oktoba, kwa hiyo fundi na kazi yake wanapatikana mlangoni wakati ule ule tunaowahitaji.

Majirani wengi hupamba kwa mafuvu, majeneza na mawe ya makaburi. Mimi nimelelewa Tanga, na siwezi kuweka kaburi la mchezo mbele ya nyumba yangu. Kwetu msiba ni jambo la heshima. Buibui anatisha bila kumvunjia mtu heshima, na watoto wanaopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende humwogopa na papo hapo hutaka kumsogelea.

Utando wa buibui huyu ni ule wa duara, wenye nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni mithili ya spoku za baiskeli, na juu yake uzi mmoja mrefu uliozungushwa mara nyingi. Utando mwingi wa kuchorwa huwa na duara kamili, kitovu katikati kabisa na mizunguko iliyobonyea kwa ndani kama upindo wa pazia. Utando halisi hauko hivyo. Fremu yake haina umbo maalumu, kwa kuwa buibui hufunga pale anapopata pa kufunga, na pembe za fremu huwa tatu, nne au tano zisizolingana. Kitovu kiko juu kidogo ya katikati, kwa sababu buibui hukimbia kwa wepesi zaidi akishuka kuliko akipanda, na kwa hiyo sehemu ya chini ya mtego inaweza kuwa kubwa kuliko ya juu. Vipande vya uzi kati ya spoku moja na nyingine vimenyooka karibu kabisa. Tena, kati ya kitovu na mzunguko wa kwanza wa uzi unaonata pana ukanda mtupu wenye spoku peke yake, na ukanda huo, ambao wengi huusahau, ndio unaomfanya mtazamaji asimame na kutazama mara ya pili.

Kinachonivutia zaidi ni utaratibu wa ujenzi, na nimeuiga hatua kwa hatua. Buibui huachia uzi upeperushwe na upepo hadi unase upande wa pili, kisha huutumia kama daraja, hujenga fremu na kutandika spoku. Baada ya hapo huzungusha uzi wa muda usionata, wenye nafasi pana, kuanzia katikati kwenda nje, ili spoku zisiyumbe wakati wa kazi inayofuata. Mwishowe hurudi kutoka nje kuelekea ndani akitandaza uzi wenye ulimbo, huku akiuondoa ule wa muda kila anapoufikia. Ninapotengeneza utando wa mita mbili mbele ya baraza hufanya vivyo hivyo: natumia kamba nyeupe ya pamba yenye unene wa milimita 4 kwa fremu na spoku, naishika mizunguko ya muda kwa uzi wowote wa jikoni, halafu naanza nje kwenda ndani kwa kamba ya milimita 3, nikiizungusha mara moja kwenye kila spoku na kuikaza kabla ya kwenda kwenye spoku inayofuata. Bila mizunguko ile ya muda spoku huvutwa upande mmoja, na utando wote hulegea kabla hujafika nusu. Sioni kama kuna kitabu cha ufundi ambacho kingenifundisha jambo hilo vizuri kuliko mdudu mwenye urefu wa sentimita 2.

Kamba ninaichovya kwanza kwenye chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu weupe wa dukani hung'aa mno usiku na kuonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Chai huipa rangi ya vumbi. Ikikauka, iko tayari.

Sasa niseme wazi jambo ambalo ningependa kila mpambaji alizingatie. Ule utando wa nyuzi laini za sintetiki unaouzwa kwenye mifuko, ambao unauvuta kwa vidole na kuutandaza juu ya vichaka, haufai kuwekwa nje. Nyuzi zake ni nyembamba, ni imara na hazionekani vizuri, na ndege wadogo, popo, bundi na nyuki hunaswa humo. Vituo vya kuokoa wanyamapori vya Marekani na Kanada hutoa onyo hilo mara kwa mara msimu huu unapofika. Kiumbe aliyenaswa hupigania uhai wake hadi akaumia au akachoka kabisa, na yote hayo kwa ajili ya pambo la usiku mmoja. Kamba nene iliyokazwa vizuri haimzingi ndege, naye huiona kutoka mbali.

Utando wa pembeni mwa dari, ule uliovurugika na kubeba vumbi, ni wa buibui wa jamii nyingine na unahitaji mbinu nyingine. Wapambaji wa Marekani hutumia wavu wa pamba ambao kwenye machinjio huvishwa mapande ya nyama ya ng'ombe, na sijaona kitu kinachoushinda. Unaukata kipande, unaupasua kwa mkasi matundu ya ukubwa mbalimbali bila mpangilio, kisha unauvuta kwa mikono miwili mpaka nyuzi zikatike hapa na kuning'inia pale. Pembe za juu unazishika kwa pini, na chini unaacha nyuzi chache zifike ukutani zikiwa zimekazwa, kama anavyofanya buibui wa ndani anayetega wadudu watambaao. Huu nauweka ndani ya nyumba tu, mbali kabisa na mishumaa, kwa kuwa pamba iliyochanwa namna hiyo hushika moto upesi. Ndani ya maboga yaliyochongwa nyuso, ambayo ni pambo la kawaida la Halloween, natumia taa ndogo za betri.

Buibui mwenyewe namtengeneza kwa magazeti na uji mzito wa ngano. Tumbo ni puto lililobandikwa tabaka kadhaa za karatasi, na sehemu ya mbele, yaani kichwa na kifua vilivyoungana, ni puto dogo zaidi. Miguu yote minane hutoka kwenye sehemu hiyo ya mbele. Wanaotengeneza buibui wa kuuza mara nyingi huichomeka tumboni, na hapo hata mtoto huhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Waya wa kila mguu naukunja upande kwanza kwenda juu hadi kwenye goti lililo juu zaidi ya mgongo, halafu ushuke, na jozi ya tatu naifanya fupi kuliko nyingine kwa sababu ndivyo ilivyo kwa buibui wa utando wa duara. Vinyweleo ni nyuzi za ufagio wa plastiki zilizokatwa na kubandikwa kwa gundi ya moto. Rangi si nyeusi tupu: ni kahawia inayoelekea chungwa, yenye madoa meupe mgongoni yanayofanya umbo la msalaba, na juu yake vanishi ya kuzuia mvua, maana Oktoba ya Seattle haikosi mvua. Namning'iniza kwenye kitovu akiwa kichwa chini, jinsi anavyosubiri windo lake.

Utando mmoja nausuka kwa uzi wa manjano kwa heshima ya wale buibui wakubwa wa pwani yetu ambao hariri yao hung'aa kama dhahabu juani. Jamaa zao wa Madagaska ndio waliotoa hariri ya kitambaa kilichoonyeshwa mwaka 2009 katika jumba la makumbusho ya historia ya viumbe huko New York, kilichohitaji buibui zaidi ya milioni moja. Jike ni mkubwa na dume ni mdogo sana, kwa hiyo pembeni mwa jike wangu nabandika dume wa ukubwa wa kidole gumba, na watoto wanaomgundua huuliza kama ni mwanawe.

Taa iwekwe chini, upande mmoja, nyuma ya utando kukiwa na giza. Mwanga unaotoka mbele huuangaza ukuta na kuumeza utando.

Tarehe 1 Novemba nashusha kila kitu. Kila ncha ya fremu naifunga kitambaa chenye namba na ndoano yake ukutani ina namba hiyo hiyo, kisha nauviringisha utando juu ya bomba la kadibodi pamoja na shuka kuukuu, ili kamba zisishikane hadi mwaka unaofuata.