Mzee wa ndege

Baba mdogo alipofariki, kikao cha familia kiliniachia kazi ya kuandika maisha yake, yasomwe siku ya kuondoa matanga. Nilimaliza jioni moja: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, watoto sita, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, hapa Goma, akafa. Shangazi alinisikiliza huku akichambua maharagwe, kisha akasema, "Hicho ni kitambulisho. Kaka yangu yuko wapi?"

Picha hatukuwa nazo. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipoteremsha lava hadi katikati ya mji, nyumba yake ya Birere ilifunikwa. Aliwahi kutoka na tezo, randa na panga. Albamu ikabaki ndani. Mama mdogo hakumsamehe, nami namwelewa.

Nikaanza kuzunguka kwa watu waliomfahamu. Mwanzoni niliuliza alikuwa mtu wa namna gani. Msibani swali hilo lina jibu moja: mtu mzuri, mcha Mungu. Siku ya tatu nikaligeuza: "Mliwahi kugombana kwa nini?" Hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Kijana mmoja anayeshusha makaa kutoka Kibumba alilipa chukudu yake yote, mzee akamnyima miezi miwili kwa kuwa mbao za magurudumu hazijakauka. "Nilimwita mwizi mbele ya watu," akasema, akicheka kwa aibu. Mwingine alifukuzwa kwa kumwambia aache kuchonga ndege, kazi inachelewa. Ndege gani? Kumbe kila chukudu iliyotoka mkononi mwake ilikuwa na ndege mdogo mwenye mkia mrefu, shingoni, chini ya usukani. Hakuna mteja aliyemwagiza wala kumlipia. Barabarani walimwita mzee wa ndege, na sisi wa nyumbani hatukujua.

Kule Kibati, jirani wa shamba alikuwa na lake: mzee alikuwa akipita kwenye mikaratusi yake, anagonga shina kwa kidole, anatega sikio, anaondoka bila kununua. Kisha anapandisha mlima, Nyiragongo yenyewe, na viazi vya kuchemsha mfukoni. Mita 3,470, na baridi ile! Hilo tulilijua. Tukimuuliza alikokuwa, alijibu, "Nilienda kumsalimia mwenye nyumba." Alisema hivyo hata baada ya mwenye nyumba kumchomea yake.

Asubuhi mbili nilisimama kando ya barabara ya Rutshuru nikikagua shingo za chukudu, watu wakinidhania mtoza ushuru. Ya tatu nikaipata. Mpira wa magurudumu ulikuwa umebadilishwa, kipande cha kandambili cha kuwekea goti kimetoboka. Ndege alikuwepo, ila mdomo wake ulikuwa umesagika, kamba ya magunia ilikuwa ikipita hapo hapo kwa miaka. Mkia ulibaki na alama za kisu, nyembamba, moja moja.

Nilimwomba mwenyewe ailete siku ya matanga. Nilisoma ugomvi wote, hata ule wa albamu. Mama mdogo akacheka kabla ya wengine. Shangazi hakusema neno. Alienda kwenye chukudu, akaweka kidole gumba pale penye mdomo, akakiacha hapo. Mwenye chukudu alingoja kwa adabu, mwishowe akaomba radhi: ana magunia manne ya makaa yanamsubiri Kibumba.