Ijumaa Kuu ya xz

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza programu ndogo ya chanzo huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha; inahakiki namba za simu za Afrika Mashariki. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka uiguse. Namba inayoanza na 0712 ipo Kenya na ipo Tanzania. Usipotaja nchi, programu haijui iweke +254 au +255. Kenya ilipoanza kutoa namba za 01 mwaka 2019, watu wenye laini mpya wakawa wanaambiwa namba zao si halali, na lawama zote zikanishukia mimi. Kampuni moja ya mikopo ikanitaka nimalize marekebisho kabla ya saa nne asubuhi. Nilimaliza. Hata asante haikuja.

Ndiyo maana mapema 2024, alipojitokeza kijana mmoja akaanza kujibu maswali ya watu na kusahihisha hitilafu bila kuombwa, nilimshukuru Mungu. Mwezi Machi akaomba ruhusa ya kutoa matoleo mapya yeye mwenyewe. Sikuwahi kumwona uso. Nikapanga kumpa baada ya Idi.

Tarehe 29 Machi, Ijumaa Kuu iliyoangukia ndani ya Ramadhani, nimeshafuturu, rafiki akanitumia habari: mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, ameona kuingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri, wa kumwingiza mvamizi, ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani. Ulikuwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amesaidia kazi ile kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole, mpaka akaaminiwa.

Kilichoniuma zaidi ni barua za zamani za 2022. Mtunzaji wa xz, Lasse Collin, alikuwa akisukumwa na watu waliolalamika kwamba anachelewa, wakimtaka amwachie mwingine. Akawaeleza kwamba afya yake ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba kazi ile anaifanya bila malipo. Nilisoma maneno yale mara mbili mbili. Mtu anasema amechoka, naye anaongezewa mzigo! Halafu dunia nzima inamgeukia yeye, wakati makampuni yaliyoitegemea programu ile hayakumpa hata msaidizi mmoja.

Nikamwandikia kijana wangu waziwazi: sitampa funguo za matoleo, yaani ile ruhusa aliyoomba, kwa sasa, na si kwa sababu ya lolote alilofanya. Niliogopa atakasirika na kuondoka, nami nibaki peke yangu tena.

Akajibu kabla sijalala. "Kaka, habari nimeiona. Funguo baki nazo. Ila na wewe usitoe toleo peke yako, mimi nikague kwanza."

Sikuwa nimelifikiria hilo la pili. Wiki ile tukaweka utaratibu: hakuna msimbo unaoingia bila macho ya wawili, wa kwangu ukiwemo. Kampuni ile ya mikopo nayo niliiandikia, nikiomba watoe mtu wao mmoja, saa chache tu kwa mwezi. Wakaniuliza toleo lijalo linatoka lini.