Saa Nane ya Bibi

Mwaka 2019 nilikuwa miongoni mwa vijana wanne tuliotengeneza, mjini Moshi, programu ya simu ya kuwakumbusha wazee kumeza dawa za presha. Tuliamini tumewafikiria vya kutosha: herufi kubwa, rangi zilizokolea, Kiswahili kitupu. Baada ya wiki mbili za majaribio, taarifa zilionyesha kwamba bibi mmoja wa Kibosho hakuwahi kuthibitisha hata kidonge kimoja, nami nikatumwa kwenda kumwona, huku moyoni nimeshamhesabu kuwa mtoro wa dawa.

Nilimkuta chini ya migomba akimkatia ng'ombe majani. Baada ya shikamoo na marahaba aliniingiza ndani, akatoa dawa zake kwenye kopo la majani ya chai. Vidonge vilivyotumika vililingana na siku zilizopita, bila kuzidi wala kupungua.

"Simu yenu inalia mapema mno, mwanangu," alisema. "Inalia nimetoka kukamua, nikiitazama inasema saa nane. Basi naizima kwa hiki cha pembeni, nangoja saa nane ifike."

Ilinichukua muda kuelewa. Programu ililia saa mbili asubuhi na kuandika 08:00, kwa kuwa saa za simu huhesabiwa tangu saa sita usiku. Bibi, ambaye maisha yake yote alihesabu saa tangu kunapokucha, alisoma nane na kumeza dawa saa nane mchana, kila siku bila kukosa. Sisi wanne, tuliokwisha zoea kutoa sita kichwani bila hata kujua kwamba tunatoa, hatukulifikiria jambo hilo. Kwa bahati hakudhurika, maana dawa yake ni ya mara moja kwa siku, na muhimu ni kutobadilisha saa.

Likabaki suala la kitufe cha "Nimemeza". Alikibonyeza mara tatu, kwa nguvu kama anayepukuchua mahindi, kioo kikabaki vilevile. Kioo cha simu hutegemea ngozi inayopitisha umeme, na ncha ya kidole chake, iliyosuguliwa na jembe na miaka ya kuchuma kahawa, ilikuwa kavu kama gome. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwomba radhi alipokunja kidole na kugonga kwa kifundo. Kikaitika.

"Kumbe kinataka hodi," akasema.

Jioni ile nilifuta neno "mtoro" mbele ya namba yake, na mahali pa 08:00 nikaandika "saa mbili asubuhi" kwa maneno. La kitufe lilituchukua mwezi mzima, na mabishano mengi.