Ukiwa Moshi, Mawenzi Iko Kulia

Iagize programu ya akili mnemba ikuchoree lebo ya kahawa ya Kilimanjaro. Dakika haiishi utaletewa mlima, mibuni na mwanga wa jioni mzuri kwelikweli. Sasa itazame kwa jicho la mtu anayeamka Moshi. Kutoka huku, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Kwenye picha hizi mara nyingi vilele hivyo vimebadilishana nafasi, na mbele kuna tembo kwenye nyika kavu. Huo ni mlima unavyoonekana kutoka Amboseli, Kenya. Picha za upande huo zimejaa mtandaoni, na programu hujifunza kwa kilichojaa.

Buni nazo huning'inizwa kama zabibu, wakati za kweli hushikana na tawi kwa mafungu, pale majani mawili yanapoota yakitazamana. Ndizi za migomba inayoipa mibuni kivuli huelekezwa chini. Kwenye mkungu halisi hujikunja kwenda juu. Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, huko Machame ataliona hilo kabla hajasoma jina la kahawa.

Mteja hututumia sisi wachoraji picha hiyo kwa WhatsApp: "Nisafishie kidogo tu," akitarajia nusu bei. Jamani, huko kusafisha ndiko kazi yenyewe! Picha ya pikseli 1,024 kila upande, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, haifiki sentimita 9. Ukurasa wa A4 unataka 2,480 kwa 3,508. Kwenye fulana ni zaidi: kila rangi ina fremu yake ya kuchapia, na picha yenye maelfu ya vivuli haiingii kwenye fremu tatu mpaka ichorwe upya kwa rangi bapa. Kwa hiyo taja bei ya kuchora upya tangu mwanzo.

Hata hivyo naitumia. Kwa kujaribu mwanga inafaa sana: picha kumi ndogo, jua likitoka pande tofauti, nachagua moja, naifunga programu, nachora nikiwa na picha za kihamba mezani.

Lakini linaniuma. Stable Diffusion, programu ya akili mnemba ya kuchora iliyotoka Agosti 2022, ilifundishwa kwa sehemu ya LAION-5B, orodha ya picha zaidi ya bilioni 5 zilizokusanywa mtandaoni bila wachoraji kuombwa ruhusa. Leo ukiandika "Tingatinga" unapata chui mwenye madoa kwa sekunde chache. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyeupa mtindo huo jina, alifariki mwaka 1972. Mtindo wake ulibaki hai kwa sababu vijana walikaa kando ya wenzao na kopo la rangi ya mafuta, wakifundishana.

Kwenye ankara naandika: mwanga umejaribiwa kwa programu, mchoro ni wa mkono.